Supu Mbili za Watawa: Kati ya Waldmüller na Danhauser, Uanze na Nani?

Mwaka 1838 Josef Danhauser, mchoraji wa Vienna, alichora maskini wakila supu wanayogawiwa na watawa. Picha akaiita Die Klostersuppe, yaani supu ya monasteri. Mwaka 1858 Ferdinand Georg Waldmüller, mchoraji wa mji huohuo, alichora jambo lilelile akalipa jina lilelile. Picha zote mbili ni mali ya makumbusho ya Belvedere, hukohuko Vienna. Anayetaka kuwalinganisha mabingwa hawa wawili hana haja ya kuanza na nadharia. Aanze na hizo supu.

Binti wa dada yangu, anayesomea uchoraji, alipokuja kunitembelea Vienna aliniuliza swali lililozaa makala haya. "Mjomba," alisema, "nina siku moja tu. Sitaki kuona picha mia nisikumbuke hata moja. Nipe mchoraji mmoja nimtazame mpaka nimwelewe." Nikamtajia hawa wawili, kisha nikashindwa kumchagulia papo hapo, maana hawafundishi somo moja. Nitaeleza hapa kama nilivyomweleza yeye, na sitaficha mimi niko upande gani.

Kwanza, aina ya picha yenyewe. Wote wawili walijulikana kwa kuchora maisha ya kila siku: harusi za kijijini, watoto wakitoka shule, mama na mwanawe, ndugu wakigombea urithi. Katika Chuo cha Sanaa cha Vienna heshima ya juu ilikuwa ya picha za historia, za wafalme na watakatifu. Mkulima na mkewe walikaa chini kabisa kwenye ngazi hiyo. Lakini baada ya 1815 Austria ilikuwa mikononi mwa waziri Metternich, na wakaguzi wa serikali walipitia vitabu, magazeti na tamthilia kabla havijamfikia mwananchi. Watu wa tabaka la kati wakageukia ya nyumbani kwao: familia, muziki, fanicha nzuri, picha ya kutundika sebuleni. Kipindi hicho, kilichokwenda hadi mapinduzi ya 1848, ndicho kinachoitwa Biedermeier, na picha za maisha ya kila siku zilipata wanunuzi wengi kuliko wakati wowote uliotangulia.

Mpaka rangi wa peremende na mtoto wa kiwanda cha fanicha

Waldmüller alizaliwa Vienna tarehe 15 Januari 1793. Mama yake alitaka awe padri, yeye akataka kuchora. Alipoingia Chuo cha Sanaa mwaka 1807 alijitafutia riziki kwa kupaka rangi peremende. Mwaka 1811 alikwenda Kroatia kuwafundisha kuchora watoto wa mtawala Ignaz Gyulay. Mwaka 1814 akamwoa mwimbaji Katharina Weidner, akawa anafuatana naye kutoka jumba moja la maonyesho hadi jingine, mke akiimba, mume akichora mandhari za jukwaani. Waliporudi Vienna alitumia miaka mingi kunakili kazi za mabingwa wa kale. Yaani alikaribia umri wa miaka thelathini akiwa fundi hodari ambaye bado hajajua anachotaka kusema.

Kilichomwamsha ni ombi la mteja. Karibu na mwaka 1819 kapteni wa jeshi aitwaye Stierle-Holzmeister alimwagiza picha ya mama yake, akamtaka amchore mama kama alivyo, basi. Waldmüller mwenyewe alikuja kusimulia kwamba ombi hilo ndilo lililomfumbua macho. Picha iko Berlin: bi mkubwa mwenye kofia ya lesi, uso wake haukupunguzwa wala kuongezwa kitu. Ukimtazama unahisi unamfahamu, na pengine unamwogopa kidogo.

Danhauser alizaliwa mwezi Agosti 1805 katika nyumba yenye mali. Baba yake, Joseph Ulrich Danhauser, alikuwa mchongaji na mwenye kiwanda cha fanicha kilichopamba nyumba za wakubwa, likiwemo jumba la mwanamfalme Karl ambalo leo ni makumbusho ya Albertina. Makumbusho ya MAK, ya sanaa za matumizi, hapohapo Vienna, yamehifadhi maelfu ya michoro ya kiwanda hicho: viti, makochi, meza, hata mapazia. Kijana alisoma Chuo cha Sanaa chini ya Johann Peter Krafft, akaenda Venice mwaka 1826, lakini baba alipofariki mwaka 1829 ilimbidi asimamie kiwanda pamoja na kuchora. Kwa hiyo ukiona kochi katika picha ya Danhauser, ujue aliyelichora anajua bei yake, mbao yake, na fundi aliyelivalisha kitambaa.

Wote wawili walikutana na uso wa mtunzi wa muziki Beethoven, na hapo tabia zao zinajitokeza vizuri. Mwaka 1823 kampuni ya Breitkopf & Härtel ya Leipzig, wachapishaji wa muziki, ilimwagiza Waldmüller picha ya Beethoven. Mzee hakuwa na subira ya kukaa, kikao kikakatishwa. Waldmüller akatoka na uso wenye hasira na nywele za mvi zilizotimka, bila kumpamba wala kumbembeleza. Picha yenyewe iliangamia katika Vita Kuu ya Pili, tunaijua kwa nakala. Danhauser yeye alifika nyumbani kwa Beethoven mwezi Machi 1827, siku mbili baada ya kifo, akauchukua uso wa marehemu kwa plasta. Madaktari walikuwa wameshampasua kichwa, hivyo uso ule ulikuwa umeshabadilika. Danhauser akachora pia mikono ya marehemu. Mmoja alimkabili mtu hai asiyependa kutazamwa, mwingine akahifadhi kumbukumbu ya mtu mkubwa. Miaka kumi na tatu baadaye Danhauser aliirudia kumbukumbu hiyo, kama nitakavyoeleza.

Supu ya kwanza

Supu ya Danhauser haieleweki bila picha iliyoitangulia. Mwaka 1836 alichora Der reiche Prasser, tajiri mlafi. Ni kisa cha tajiri na Lazaro kutoka Injili ya Luka, ila wahusika wamevikwa nguo za Vienna ya siku zake. Tajiri amejinyoosha mezani kati ya wageni, chakula na mvinyo havina idadi, na maskini amejitokeza kuomba. Miaka miwili baadaye ikaja Die Klostersuppe. Mpanda ngazi hushuka: mtu yuleyule amefilisika, ameketi miongoni mwa maskini, na sasa supu ya watawa ndiyo mlo wake.

Huu ni mchezo wa kuigiza wa sehemu mbili. Mtazamaji alitarajiwa kuwatambua watu, kukumbuka nani alikaa wapi na nani alimgeuzia nani mgongo. Kila picha ina upana wa zaidi ya mita moja, na Danhauser amewapanga watu wake kama mwongozaji anavyowapanga waigizaji, kila mmoja na kazi yake, kila mkono unakuelekeza pa kutazama baadaye. Ukisimama mbele yake dakika tano umeshasoma hadithi nzima bila kujua neno la Kijerumani.

Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa, na kwa anayeanza kutazama picha ni zawadi. Wengi wanaoniambia hawaelewi sanaa huwa wanamaanisha kwamba hawajui waanzie wapi kwenye picha. Danhauser anakushika mkono.

Lakini ukikaa naye zaidi ya hizo dakika tano unaanza kuuliza picha hii inazungumza na nani. Inazungumza na tajiri. Inamwambia ajihadhari, kesho yake inaweza kugeuka. Maskini waliomzunguka kwenye ile supu wapo ili anguko lake lionekane. Wao wenyewe wamefikaje pale, wana watoto wangapi nyumbani, jana walikula nini, picha haina nafasi ya kuuliza. Naipenda picha ile, na jambo hili hunisumbua kila ninaporudi kwake.

Supu ya pili

Waldmüller alipochora supu yake alikuwa na miaka 65. Hakuna tajiri aliyeanguka. Kuna umati, watoto kwa wazee, akina mama, waliokuja kwa sababu wana njaa. Unatafuta mhusika mkuu humpati. Jicho linazunguka kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, kwa bibi, kwa mtawa, linarudi kwa mtoto, na kila linapotua linakuta mtu kamili. Kila mmoja ametazamwa kama yule mama wa kapteni.

Mpwa wangu alisimama mbele yake akaniuliza, "Sasa hadithi yake ni ipi?" Nilimwambia hakuna. Wamekuja kula. Alinyamaza kwa muda, halafu akaanza kuhesabu watoto.

Tofauti hii utaiona pia katika picha ambayo kwangu mimi ni nzito kuliko zote alizochora. Inaitwa Erschöpfte Kraft, nguvu zilizokwisha, ya mwaka 1854, nayo ni mali ya Belvedere. Ni usiku, taa inawaka, mtoto amelala kwenye susu, na mama yake yuko chini sakafuni, mwili umeshindwa. Alikuwa akifanya kazi usiku ili mtoto ale. Danhauser angetuletea mtu wa tatu: mwenye nyumba mlangoni, au jirani mwema, mtu wa kutuonyesha tumhurumie nani na tumlaumu nani. Waldmüller anaacha taa tu.

Yuko mchoraji wa tatu ambaye siwezi kumruka hapa. Peter Fendi, aliyezaliwa Vienna mwaka 1796, alianguka akiwa mtoto mchanga akaumia uti wa mgongo, ulemavu akaishi nao maisha yake yote. Tangu 1818 aliajiriwa kwenye hazina ya kifalme ya sarafu na vitu vya kale, akichora na kuchonga mabamba ya kuchapia. Alifariki mwaka 1842, kabla ya kutimiza miaka 46. Picha zake ni ndogo, nyingi ni za rangi za maji, na zina upole usiopatikana kwa hawa wawili. Msichana anasimama nje ya duka la bahati nasibu akitazama namba, ya mwaka 1829. Mjane wa afisa wa jeshi amebaki na watoto na ufukara, ya mwaka 1836. Karibu na 1840 akachora Die Pfändung, siku madalali wa mahakama wanapokuja kukamata vitu vya familia yenye deni, na Waldmüller akachora mada hiyohiyo kwa jina hilohilo mwaka 1847. Kama umewahi kuona godoro na meza vikitolewa nje huku majirani wakitazama, huhitaji maelezo. Fendi ungemchagua endapo unapenda rangi za maji na kazi ya mkono mwepesi, au endapo huna haja ya picha kubwa kukugusa. Sikumweka kwenye kichwa cha makala kwa sababu kazi zake za karatasi haziwezi kukaa kwenye mwanga muda mrefu, kwa hiyo kwa mgeni wa siku moja ni bahati kuzikuta ukutani.

Jua la Waldmüller

Hapa ndipo naegemea, na sioni sababu ya kujifanya siegemei.

Wachoraji wengi wa wakati ule walichora mashambani kwa mwanga wa ndani ya chumba. Walichora watu studio, dirisha likiwa upande mmoja, kisha wakaweka miti na anga nyuma yao. Waldmüller alichora jua kama linavyopiga. Am Fronleichnamsmorgen ya mwaka 1857 inaonyesha asubuhi ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo kijijini. Watoto wamevikwa nguo nyeupe na maua, wanajiandaa kwa maandamano. Jua ni kali, vivuli vina ukingo mkali kama vimekatwa kwa mkasi. Sogea karibu utazame kivuli kinapoangukia nguo nyeupe. Mwanafunzi wa kawaida angepaka kijivu. Humo ndani mna samawati, na rangi ya ardhi inayorudishwa na mwanga kutoka chini. Anayetaka kujifunza kuchora nguo nyeupe juani atajifunza kwenye picha hii zaidi ya anavyoweza kujifunza kwenye mihadhara mingi.

Halafu kuna picha zake za mwanzo wa majira ya kuchipua katika misitu ya Wienerwald, mada aliyoirudia mara kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1850 na mwanzoni mwa 1860. Watoto wanachuma maua madogo ya rangi ya urujuani, miti bado haina majani, na jua linapita kati ya vigogo bila kizuizi. Alikuwa ameshapita miaka sitini. Wakati wenzake wa rika lile wanarudia walichozoea, yeye mwanga wake ulikuwa unazidi kuwa mkali.

Huenda umeiona picha yake moja bila kujua ni yake. Die Erwartete, anayesubiriwa, iliyoko kwenye mkusanyiko wa Neue Pinakothek ya München, inaonyesha msichana akishuka njia ya kijijini, kichwa ameinamisha, mikono miwili imeshika kitu kidogo mbele ya kifua, na kijana anamsubiri pembeni na ua mkononi. Mwaka 2017 picha hiyo ilisambaa mitandaoni kwa sababu watu waliapa kwamba msichana anatazama simu. Anasoma kitabu cha sala. Jambo linalonivutia katika kisa hicho ni kwamba mkao ule ni sahihi mno: shingo, viwiko, hatua ya mtu anayetembea bila kutazama njia. Mchoraji asiyemwona mtu kweli hawezi kuchora mkao utakaotambuliwa miaka zaidi ya mia na hamsini baadaye na watu wenye kitabu tofauti mkononi.

Kasoro anazo, na kubwa kuliko zote ni kwamba wakulima wake mara nyingi ni wasafi kupita kiasi. Mashavu mekundu, meno mazuri, watoto waliotoka kuoga. Picha za harusi na sikukuu zinaweza kukuchosha ukizitazama tano mfululizo, maana furaha inakuwa kama imeagizwa. Ndiyo maana namshauri anayemtazama asiache kupitia Erschöpfte Kraft na ile supu, ili ajue kwamba mkono uliochora mashavu yale uliona pia sakafu ile.

Chumba cha Danhauser

Danhauser hatoki nje mara nyingi, na sioni kama hasara. Chumba ni nchi yake. Die Schachpartie ya mwaka 1839 ni sataranji sebuleni: mwanamke anamshinda mwanamume, na kila aliyehudhuria ana sura yake ya kulipokea jambo hilo. Die Testamentseröffnung, ya mwaka huohuo, ni kufunguliwa kwa wosia, ambapo jamaa aliyejiona mrithi anakuta mali imekwenda kwa ndugu maskini. Nani kati yetu hajakaa kikao cha namna hiyo, au kusimuliwa? Ukoo mzima chumbani, karatasi moja mezani, na nyuso zinazobadilika neno kwa neno. Kwa kuchora nyuso zinazopokea habari, Danhauser anamshinda Waldmüller wazi.

Mwaka 1840 alichora picha yake inayojulikana zaidi duniani, Liszt am Flügel, ambayo sasa iko Alte Nationalgalerie mjini Berlin. Mwanamuziki Franz Liszt anapiga piano, wanaomsikiliza ni pamoja na waandishi George Sand na Alexandre Dumas, na wanamuziki Paganini na Rossini, mpenzi wake Marie d'Agoult ameketi sakafuni karibu na piano, na juu ya piano kuna sanamu kubwa ya kichwa cha Beethoven inayong'aa kama iko mbinguni. Kikao hicho hakikuwahi kutokea. Danhauser alikitunga kwa agizo la Conrad Graf, mtengenezaji wa piano wa Vienna, na piano iliyoko kwenye picha ni ya Graf. Ni tangazo la biashara na ni ibada kwa Beethoven kwa wakati mmoja, na vyote viwili vimekaa pamoja bila kugombana. Waldmüller asingeweza kuichora. Yeye alihitaji kitu kiwe mbele ya macho yake kwanza.

Anayesoma usanifu wa ndani, anayeandaa filamu au tamthilia, anayechora katuni au hadithi za picha, huyu namwambia bila kusita: nenda kwa Danhauser. Tazama anavyoweka mwanga juu ya mtu mmoja na kumwacha mwingine nusu gizani. Tazama viti. Tazama umbali kati ya mtu na mtu, maana hadithi imekaa humo.

Namna walivyolitumia jina lao

Waldmüller aliteuliwa mwaka 1829 kusimamia mkusanyiko wa picha wa Chuo cha Sanaa na kupewa cheo cha profesa. Angeweza kutulia na mshahara wake. Badala yake mwaka 1846 alichapisha kijitabu kinachodai mafundisho ya sanaa yabadilishwe: mwanafunzi asipotezewe miaka akinakili, awekwe mbele ya mtu hai na mbele ya maumbile. Yeye mwenyewe alikuwa amenakili miaka mingi, alijua anachokisema. Alifundisha hivyo nyumbani kwake, wenzake wa Chuo wakamchukia. Mwaka 1856 alizipeleka picha zake London, zikaonyeshwa Buckingham Palace na nyingi zikanunuliwa. Mwaka 1857 akaandika tena, safari hii kwa ukali zaidi, akaona hata Chuo chenyewe kifutwe. Akastaafishwa kwa lazima kwa malipo yaliyopunguzwa. Mwaka uleule ndio wa Am Fronleichnamsmorgen, na mwaka uliofuata ndio wa supu. Jueni hilo mnapozitazama. Kaisari alimrudishia heshima yake karibu na mwisho wa maisha. Alifariki Hinterbrühl, nje ya Vienna, tarehe 23 Agosti 1865.

Danhauser aliingia kufundisha Chuo mwaka 1838, akawa profesa wa picha za historia mwaka 1841, akaacha mwaka uliofuata, akasafiri Ujerumani na Uholanzi na tajiri wa viwanda vya nguo Rudolf von Arthaber, aliyekuwa mfadhili wake. Mei 1845 homa ya taifasi ikamuua akiwa na miaka 39. Ulinganisho wowote wa wawili hawa lazima ukumbuke hesabu hii: kazi zote nilizozisifu za jua la Waldmüller alizichora baada ya umri ambao Danhauser hakuufikia. Huyu aliyetoka kuona Rembrandt na wenzake Uholanzi angechora nini akipewa miaka mingine thelathini?

Basi nani?

Kama unachora, au unataka kuanza, chagua Waldmüller. Atakufundisha kutazama kabla ya kutunga, na huko ndiko wengi tunakosea. Chukua picha moja tu, ile ya asubuhi ya sikukuu, na mraba wake mmoja mdogo, uunakili kwa mkono mpaka uelewe kivuli. Najua yeye mwenyewe alipinga kunakili. Lakini sisi hatuna jua la Mei la Austria dirishani, na mraba mmoja hautakupotezea miaka.

Kama huchori, na hii ni mara yako ya kwanza kuingia kwenye jumba la picha, chagua Danhauser. Anza na tajiri mlafi, kisha supu yake, kwa mfuatano huo, usizigeuze. Ukiwa na watoto ndiye wa kuwapeleka bila swali. Waambie wamtafute mtu aliyetokea kwenye picha zote mbili, hutawasikia wakilalamika kwamba wamechoka.

Anayetafuta nakala ya kutundika nyumbani, moja ya picha za Wienerwald itakaa naye vizuri zaidi. Picha yenye fundisho huchosha ukiiona kila asubuhi. Picha yenye mwanga haichoshi.

Kuhusu mahali: wengi wanaopanda Belvedere ya Juu wanakwenda moja kwa moja kwenye Busu, picha maarufu ya Gustav Klimt, na vyumba vya Biedermeier vinabaki na nafasi ya kusimama. Picha huhamishwa, nyingine hukopeshwa kwa maonyesho ya nchi za nje, kwa hiyo angalia kwanza tovuti ya makumbusho kujua zipi ziko ukutani wiki yako. Ukibanwa na fedha, ulizia Wien Museum pale Karlsplatz, ambako maonyesho ya kudumu yalifunguliwa upya mwaka 2023 bila kiingilio. Makumbusho hayo ndiyo yenye Die Pfändung ya Waldmüller na Das Kind und seine Welt, picha ya Danhauser ya mwaka 1842 ya mtoto na vitu vyake vya kuchezea.

Mpwa wangu alimchagua Waldmüller, kama nilivyotaka. Alikaa na nguo nyeupe saa nzima, daftari mapajani, akijaza ukurasa baada ya ukurasa kwa penseli tatu za samawati. Ilipobaki nusu saa wafunge alisimama akauliza kama tunaweza kupita tena kwa yule tajiri, kwa sababu kuna uso mmoja pale mezani alitaka kuhakikisha kama ndio uliorudi kwenye supu. Tukaenda haraka haraka.